Nyuki Wakihamia Nyumbani: Namna ya Kuwaondoa Wakiwa Hai

Mhadhara kwa wakazi, walimu, mafundi ujenzi na wenyeviti wa mitaa, Morogoro



Mtu anaponipigia simu kwamba nyuki wamevamia nyumbani kwake, swali langu la kwanza huwa hili: wananing'inia mahali pa wazi, au wanaingia na kutoka kwenye tundu? Mara nyingi mpigaji hukasirika kidogo, maana anataka nije, hataki kuhojiwa. Lakini jibu lake ndilo linaloamua kama nije leo au nisije kabisa, kama nibebe boksi au msumeno, kama watoto walale humo ndani au kwa jirani. Hali hizo mbili zinafanana kwa mvumo na kwa wingi wa nyuki. Mtu akizichanganya, balaa huanzia hapo.

Tuanze na wanaoning'inia. Kundi la nyuki linapostawi, mvua zikawa nzuri na maua yakawa mengi, hugawanyika. Malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya vibarua, akawaachia makao mabinti zake ambao bado wanakua. Kabla ya kuondoka, vibarua hujaza matumbo asali, kwa kuwa safari haina chakula. Hutua kwenye tawi, kwenye nguzo ya varanda, kwenye baiskeli iliyoegeshwa, popote pale, wakashikana miguu na kuwa bumba moja. Bumba hilo halina majana, yaani watoto wa nyuki, wa kulinda wala asali ya kulinda. Ndiyo maana, likiachwa, kwa kawaida huwa pole kuliko watu wanavyodhani. Hukaa saa chache, pengine siku moja au mbili, kisha huondoka lenyewe.

Nasema kwa kawaida, kwa sababu nyuki wetu wana desturi ambayo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havikuipa nafasi kubwa. Wao huhama pia kwa kukimbia: ukame, moto wa porini, siafu, nyegere, au mtu aliyewasumbua mno. Bumba la aina hiyo huenda limekuwa njiani muda mrefu, matumbo matupu, na subira yake ni ndogo. Kwa macho huwezi kulitofautisha na lile lililoshiba. Kwa hiyo usilikaribie bumba lolote ili ulipige picha, na usiwaache watoto walitupie mawe.

Nikae kidogo hapa, maana kinachotendeka juu ya bumba ni jambo ambalo kila mwenye nyumba angelijua angeepuka gharama nyingi. Mwaka 1949, mjini Munich, Ujerumani, mwanasayansi kijana aitwaye Martin Lindauer alikuwa akilitazama bumba la nyuki. Mwalimu wake, Karl von Frisch, alikwisha kugundua kwamba nyuki huelekezana kwa kucheza mahali chakula kilipo. Utafiti huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Lindauer aliona nyuki wachache wakicheza juu ya bumba, lakini hawakuwa wamebeba chavua. Walikuwa wachafu. Wengine walikuwa weusi kwa masizi, wengine wekundu kwa vumbi la matofali. Munich wakati huo ilikuwa bado na magofu mengi ya vita. Nyuki wale walikuwa wapelelezi waliotoka kukagua mabomba ya moshi na kuta zilizobomoka, na sasa walikuwa wakiwaambia wenzao: nimepata nyumba, iko upande ule, umbali kadha.

Miaka ya baadaye Mmarekani Thomas Seeley aliiendeleza kazi hiyo. Alionyesha kwamba mpelelezi huingia ndani ya uvungu na kuutembea pande zote ili kuupima ukubwa. Nyuki wa asili ya Ulaya wanapenda nafasi ya lita 40 hivi, pakavu, juu kutoka ardhini, penye mlango mdogo unaolindika. Kila mpelelezi huja kunadi alichokiona, wengine huenda kukikagua wenyewe, na wapelelezi wa kutosha wakikutana mahali pamoja, bumba zima huruka. Nyuki wetu hawachagui sana. Huridhika na nafasi ndogo kuliko hiyo, na wengine hujenga masega nje kabisa, chini ya mwamba au kwenye tawi nene.

Sasa itazame nyumba yako kwa macho ya mpelelezi. Juu kuna dari yenye giza na ukavu, ubao wa fishabodi umeachana na ukuta kwa upana wa kidole. Ukuta ni wa matofali yenye matundu. Nyuma kuna tanki la maji lililopasuka ambalo hakuna aliyelitupa. Nje kuna sanduku la mita ya maji, na getini bomba la chuma lililo wazi juu. Pale ambapo mibuyu na mikuyu yenye mapango imekatwa, nyumba yako ndiyo mti uliobaki. Wala hili si jambo jipya la mijini. Surat An-Nahl, katika aya ya 68, inataja mahali pa tatu ambapo nyuki hufanya makazi baada ya milima na miti, napo ni kwenye vile wanavyojenga watu.

Faida ya elimu hii ni moja kubwa. Ukiona nyuki wachache wanazungukazunguka tundu la ukutani, wanaingia, wanatoka, wanatambaa kuzunguka mlango, na hakuna hata mmoja mwenye chavua miguuni, hao ni wapelelezi. Bumba bado halijaja. Subiri giza liingie, waondoke, kisha ziba tundu hilo usiku huohuo kwa saruji au wavu. Kazi ya dakika chache, na hakuna nyuki aliyekufa. Ukisubiri hadi wiki ijayo, utaniita mimi.

Bumba likishatua na haliko mahali pa hatari, liache. Kama limetua mlangoni mwa darasa au zahanati, linaweza kukusanywa. Mtu aliyezoea, akiwa amevaa mavazi ya kinga, huweka mzinga au boksi gumu chini yake na kulitikisa tawi mara moja, kwa nguvu. Hakuna haja ya kumtafuta malkia. Tazama nyuki walio mdomoni mwa boksi: wakinyanyua mikia na kupepea mbawa, wanatoa harufu ya kuita wenzao, na hiyo ni dalili kwamba malkia yumo. Waliobaki hewani wataingia wenyewe. Boksi liachwe palepale, kivulini, hadi jua lizame na wote wawe wamerudi, ndipo lifungwe na kuhamishwa. Wanaolibeba mchana kwa haraka huacha nyuma mamia ya nyuki wanaozurura bila makao, na hao ndio watakaowauma wapita njia.

Sasa tugeukie wanaoingia na kutoka tunduni. Hapo pana makao. Vibarua huanza kujenga sega tangu siku ya kwanza, na malkia huanza kutaga mara seli chache zinapokuwa tayari. Yai huchukua wiki tatu hivi kuwa kibarua kamili. Kwa hiyo mwezi mmoja tu baada ya kuhamia, ndani ya dari yako kuna masega kadhaa, majana wa umri mbalimbali, chavua, asali, na kizazi cha kwanza kilichozaliwa humohumo na ambacho hakijui kwao kwingine. Sehemu ya majana huwekwa kwenye joto la nyuzi 35 hivi, usiku na mchana. Ukiweka kiganja ukutani usiku utaisikia sehemu hiyo ikiwa na joto kuliko pengine, na ndivyo tunavyojua pa kukata.

Wengi wenu mmenunua dawa ya kupuliza, na sitaki kuwalaumu. Mtu mwenye mtoto mchanga ndani ya nyumba hafikirii mambo ya masega. Lakini hebu tufuate kinachotokea baada ya kopo kuisha. Dawa huwapata walio karibu na mlango. Walio ndani kabisa, pamoja na malkia, mara nyingi husalia, na sasa wameudhika. Tuseme basi ulitumia sumu kali na ukawamaliza wote. Ndani ya ukuta kumebaki maiti za maelfu ya nyuki, majana wanaooza, na asali ambayo haina tena mtu wa kuitunza. Nyuki walio hai hupepea hewa ndani ya makao ili nta isilainike. Wakifa, joto la adhuhuri chini ya bati hufanya kazi yake: masega hulegea na kudondoka, asali hutiririka kwenye dari ya jipsamu, doa la kahawia likatokea juu ya kitanda. Asali iliyoachwa wazi huvuta unyevu na kuchacha. Sisimizi huja, panya huja, nondo wa nta hutaga mayai humo. Na nyuki wa mzinga wa jirani, wale wanaochavusha maboga na matikiti yake, hunusa asali ya bure, huja kuibeba pamoja na sumu yako, na kuipeleka nyumbani kwao. Kisha msimu unaofuata mpelelezi anapita, ananusa nta ya zamani, anaona hapa wenzake waliwahi kuishi. Nimeingia kwenye dari ambazo masega mapya yalijengwa juu ya masega meusi ya kundi lililouawa, na mwenye nyumba anaapa kwamba nyuki wale hawakufa.

Kwa hiyo ninalowaomba mlishike usiku huu ni kwamba tatizo la nyumba yenu ni makao yale: masega, asali, harufu na tundu. Nyuki ni sehemu tu ya tatizo hilo, tena ndiyo sehemu pekee inayoweza kuondoka kwa miguu yake. Ukiwaua ukaacha makao, umelipia kazi isiyokwisha. Ukiyaondoa makao yote, unaweza kuondoka nao wakiwa hai kwa gharama hiyohiyo.

Kuna wanaosema tuwaokoe nyuki kwa sababu watatoweka duniani. Sitasema hivyo kuhusu nyuki wa kwetu. Kupe aina ya varoa, ambao Ulaya na Marekani huangamiza makundi yasiyotibiwa, wapo pia Afrika Mashariki, na nyuki wetu wa porini wanaishi nao bila dawa yoyote. Ni viumbe imara. Ninawatetea kwa sababu kundi lililo ukutani kwako ni zima, lina afya, limejichagulia, na lina kazi ya kufanya kwenye alizeti, kwenye kahawa na kwenye shamba la tikiti la mtu fulani kilomita mbili kutoka hapa. Kuliua kwa ajili ya tundu ambalo fundi alisahau kuliziba ni uonevu.

Kuhusu ukali wao nitasema wazi. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika ili kupata nyuki wanaostahimili joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro. Wazao wa makundi hayo walisambaa Amerika ya Kusini, wakapita Amerika ya Kati, na mwaka 1990 wakaingia Texas. Huko Marekani ya kusini sasa wapo mafundi wanaoishi kwa kazi ya kuwatoa nyuki hao kwenye kuta na masanduku ya mita za maji. Damu ni ileile ya nyuki wa hapa Morogoro. Wamekuwa wakali kwa sababu kwa vizazi vingi wameporwa na binadamu mwenye moto na nyegere mwenye ngozi nene, na kundi lililokuwa jepesi kujilinda ndilo lililosalia.

Nyuki akichoma, mwiba wake hubaki mwilini, ukiendelea kusukuma sumu, na hutoa harufu inayofanana na ndizi mbivu. Harufu hiyo ni wito. Anayefuata huchoma palepale, naye anaongeza harufu. Ndivyo mzaha wa jiwe moja unavyogeuka msiba. Mtu asiye na mzio anaweza kustahimili miiba mingi. Wataalamu hukadiria kwamba kiwango cha kuua ni karibu miiba 20 kwa kila kilo ya uzito, yaani zaidi ya 1,000 kwa mtu mzima wa kilo 60. Lakini kwa mtoto wa kilo 15 ni 300, na madhara makubwa kwa figo na misuli huanza kabla ya hapo. Mwenye mzio anaweza kufa kwa mwiba mmoja. Wanyama waliofungwa ndio hufa wa kwanza: mbuzi kambani, punda, mbwa mwenye mnyororo. Kabla ya kazi yoyote ya nyuki, mifugo iondolewe. Hili husahaulika kila mara, na mara nyingi mbuzi mwenyewe ni wa jirani.

Kazi yenyewe hufanyika jioni kuelekea usiku. Nyuki wote wamo ndani, hawaruki vizuri gizani, na hawaoni rangi nyekundu, hivyo tunavaa tochi zenye kioo chekundu. Ukiwasha tochi nyeupe watatambaa kuifuata hadi usoni. Kwanza majirani hujulishwa, madirisha hufungwa, watoto huhamishwa. Kisha swichi kuu ya umeme huzimwa, kwa kuwa darini kuna nyaya na sisi tunakata tusichokiona. Moshi wa bomba la kufukizia hutoka kwenye vitu vya asili: maganda ya mahindi, vinyesi vikavu vya ng'ombe, gunia la katani. Mpira na plastiki huwatia wazimu na humdhuru anayefukiza. Mwenge wa nyasi chini ya paa ni njia ya kuiunguza nyumba. Moshi mdogo na wa upole unatosha. Unaifunika ile harufu ya ndizi, na nyuki hugeukia asali na kuanza kunywa wakidhani moto umekuja.

Ubao hufunguliwa taratibu, kuanzia upande ulio mbali na mlango wao. Mtu asitumie nyundo pale ambapo bisibisi inatosha, maana mtikisiko huwachukiza kuliko kitu chochote. Makao yakishafunguka huonekana masega yamening'inia sambamba, nyuki wameyafunika. Yale ya asali huwa pembeni na juu, ya majana huwa katikati. Hukatwa moja moja. Masega ya asali huenda kwenye ndoo yenye mfuniko, na mfuniko ufungwe kila baada ya sega, la sivyo nyuki watazama humo. Masega ya majana ndiyo roho ya kazi. Hufungwa kwa uzi wa katani au mpira laini kwenye fremu au kwenye vibao vya juu vya mzinga, yakiwa yamesimama vilevile yalivyokuwa ukutani, kwa mpangilio uleule. Kibao cha nyuki wetu kina upana wa milimita 32. Nyuki wa Ulaya wanahitaji kikubwa kidogo. Usifunge masega mazito ya asali mzingani usiku huo, yatakatika njiani na kuwazamisha wote.

Malkia wetu ana mbio. Akionekana, ashikwe kwa upole na kuwekwa kwenye kizimba chake kidogo ndani ya mzinga. Asipoonekana, majana waliofungwa mzingani watasaidia, kwa sababu vibarua hawapendi kuwaacha. Waliobaki darini hukusanywa kwa kikombe, kwa brashi laini, au kwa ndoo iliyounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi ambayo nguvu yake imepunguzwa sana. Mzinga huachwa karibu na tundu hadi karibu na alfajiri, kisha hufungwa na kuondolewa kabla hakujapambazuka.

Baada ya hapo huja sehemu ambayo wenye nyumba hawataki kuilipia, nayo ndiyo inayoamua kama nitarudi mwakani. Nta yote ikwanguliwe. Mbao na ukuta vioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Uvungu ujazwe, tundu lizibwe, na rangi ipigwe juu. Nikikuta mwenye nyumba hayuko tayari kwa hilo, ninamwambia wazi kwamba kazi haijaisha, hata kama hakuna nyuki hata mmoja anayeonekana.

Ipo njia nyingine kwa ukuta usiovunjika, kama wa mawe ya matumbawe kwenye majumba ya zamani ya pwani. Koni ya wavu hufungwa juu ya mlango wao. Nyuki hutoka kwenye ncha nyembamba, wakirudi hawaoni njia, na huingia kwenye mzinga wenye sega la majana uliowekwa pembeni. Huchukua wiki nyingi, maana lazima majana wote wa ndani waangue na kutoka, na malkia kwa kawaida habanduki. Kwa nyuki wapole wa Ulaya hufaa. Kwa wetu, maelfu ya vibarua waliofungiwa nje kwa wiki kadhaa juu ya kichochoro chenye watu ni hatari ambayo siipendekezi. Mahali pa faragha, sawa.

Na zipo saa ambapo kuua ndiyo haki. Kundi linaloshambulia watu sasa hivi, shuleni au kituo cha basi, haliwezi kusubiri usiku. Pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Maji yenye sabuni au povu huwaua haraka na hayaachi sumu ya kudumu. Moyo wangu huumia, lakini uhai wa mtoto hauna mjadala. Hata hapo masega yaondolewe.

Mtu akivamiwa, akimbie. Akimbie moja kwa moja bila kupungapunga mikono, afunike uso kwa shati au khanga, aingie ndani au kwenye gari na kufunga milango, hata kama nyuki kadhaa wameingia naye. Asiruke mtoni wala kwenye bwawa. Nyuki husubiri juu ya maji. Miiba itolewe upesi kwa namna yoyote, kwa kucha au kwa kisu, kwa sababu kinachodhuru ni kuchelewa. Akianza kuvimba uso au ulimi, kukosa pumzi au kuona kizunguzungu, aende hospitali saa hiyohiyo. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, na maziwa au asali havitamsaidia.

Kabla hamjaita mtu yeyote, hakikisheni pia ni nyuki. Manyigu hujenga viota vya kitu kama karatasi na hawana asali. Na kuna nyuki wadogo, weusi, wanaotengeneza kijibomba cha nta kwenye ufa wa ukuta. Hao hawana mwiba wa kuchoma. Wanauawa kila siku kwa kosa la kuitwa nyuki, ilhali wangeweza kukaa ukutani mwako miaka na miaka bila kumdhuru hata mtoto anayetambaa. Waacheni.

Waliohamishwa wapelekwe zaidi ya kilomita 3, vinginevyo watafutaji chakula watarudi kwenye anga wanayoijua na kukutana tena na ukuta wako. Wawekwe kivulini, karibu na maji, mbali na njia za watu, na wasifunguliwe kukaguliwa kwa siku kadhaa. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 ipo, na halmashauri ina afisa nyuki. Ni haki yenu kumwuliza mahali pa kuwapeleka na nani wilayani anafanya kazi hii. Wenyeviti, ningefurahi sana kila ofisi ya mtaa iwe na namba ya mrina asali mmoja anayeaminika, imeandikwa ukutani. Mizinga mitupu iliyosuguliwa nta na mchaichai, ikitundikwa pembezoni mwa mtaa kabla ya msimu wa maua, huwapokea wengi ambao wangeingia madarini; mchaichai una harufu iliyo karibu na ile ya nyuki kuitana.

Asali iliyotoka ukutani inalika, kama una hakika kwamba hakuna aliyewahi kupuliza dawa humo. Muulize mpangaji aliyekutangulia. Kama kuna shaka, izikwe chini kabisa, isiachwe jalalani ambako nyuki na watoto wataikuta.

Mafundi, nimewaweka mwisho kwa sababu ninyi mnaweza kunipunguzia kazi kuliko wote hapa. Kibarua hupita kwenye upenyo wa milimita 5 bila taabu. Matundu ya hewa yawekewe wavu wa chuma wenye macho ya milimita 3 kabla bati halijapigiliwa, kwa sababu baadaye hakuna atakayepanda. Fishabodi ikutane na ukuta, na mahali isipokutana pajazwe. Bomba la geti lizibwe juu kwa bati au saruji. Sanduku la mita liwe na kifuniko kinachofunga. Tundu ambamo nyuki waliwahi kukaa likaguliwe kila maua yanapoanza, hata kama lilizibwa na fundi hodari.

Nipo tayari kwa maswali. Walimu waanze, kwa kuwa wana watoto wengi chini ya paa moja.